Kikapu cha Jumamosi

Jumamosi ile mlima ulikuwa umejifunika mawingu mpaka mabegani, na Moshi mjini kulikuwa na ubaridi ule wa Julai unaowafanya watu watembee wamejikunyata, kila mmoja kama anaendelea na ndoto aliyoamka nayo. Hilaria hakuwa na nafasi ya kuota. Alikuwa dukani Kwa Basili, karibu na stendi, ndani ya gauni la kitenge cha bluu alilolishona mwenyewe na sweta la njano, mkono wake umezama mpaka kiwiko kwenye gunia la mchele.

Alichota kidogo, akaufumbata, akaupulizia pumzi ya moto, akanusa.

Upande wa pili wa gunia akasikia mtu mwingine anapuliza.

"Wa mwaka jana," mtu yule akasema. "Umechanganywa na mpya kidogo ili uvute pua."

"Robo mpya, robo tatu wa zamani," Hilaria akajibu bila kuinua macho. "Na wewe nani kakupa ruhusa ya kunusa gunia langu?"

"Lako? Mangi Basili ameshakuuzia?"

"Bado naliposa."

"Basi na mimi nimekuja kuposa. Tushindane kwa mahari."

Hapo ndipo alipoinua macho. Alikuwa mwanamume mrefu, koti lake jekundu limepauka kwa jua la mahali palipo juu sana, kofia ya kufuma imekaa upande, mkononi kashika daftari dogo lenye doa la mafuta. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali.

"Unaandika bei?" Hilaria akauliza. "Wewe ni mtu wa kodi?"

"Mimi ni mpishi wa mlimani, dada. Ndelilio, wa Old Moshi. Napikia wageni wanaopandia Marangu. Kule kambi ya Horombo maji yanachemka kabla hayajapata moto wa maana, kwa hiyo mchele mbovu unakula gesi yote na bado unabaki kokoto. Ndiyo maana mimi na mchele lazima tuangaliane usoni kwanza. Na wewe?"

Na yeye, kwa asiyemjua, alikuwa Hilaria wa Kikapu. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani kwenye baraza moja jirani na soko la Mbuyuni, lakini Jumamosi asubuhi alizunguka maduka matatu ya bei nafuu, kisha akawatumia sauti wanawake zaidi ya mia tatu kwenye kundi la wasapu: wapi sukari imeshuka, wapi mafuta yamepunguzwa ujazo chupa ikabaki vilevile, wapi ukienda utapata aina moja tu ya majani ya chai na upende usipende. Hakupokea zawadi ya duka lolote, hata peremende. Na alikuwa na sharti moja: hasemi kitu ambacho hajakitoa kwenye rafu kwa mkono wake. Kwa sharti hilo wanawake wa Majengo, Njoro na Pasua walibeba vikapu vyao na kwenda alikosema, bila kuuliza mara mbili.

"Aisee, kumbe ndiye wewe," Ndelilio akasema. "Dada yangu anakusikiliza kila Jumamosi anatetemeka."

"Kwa nini atetemeke?"

"Unatisha," akasema, akacheka, na jambo hilo likapita.

Wakazunguka pamoja. Kwa Basili sukari ilikuwa chini kuliko kwingine, lakini duka zima ungelimaliza kwa kugeuza shingo. Bei Poa, kule Dabo Rodi, kulikuwa na vitu vya kila namna vilivyopangwa mpaka raha, nyanya za kopo za aina nne, ila bei zilipanda ukigeuka. La mwisho lilikuwa Jipunguzie, rahisi kuliko yote, lakini sabuni za unga zilikaa ubavuni mwa unga wa ugali, na ugali wa Jipunguzie ulikuwa na sifa ya kunukia kama shuka lililofuliwa. Mlangoni pake Ndelilio akasema ana simu ya kupiga. Akabaki nje.

Hilaria hakulifikiria. Alikuwa ameshaanza kuota.

Miezi miwili ikapita kama ukungu unavyopita kwenye migomba, huoni ulipoingia wala ulipotokea. Mlima ulikuwa sasa na mtu wake ndani. Asubuhi, mawingu yakifunguka na theluji ikionekana imetulia juu ya bati za mji, Hilaria alisimamisha cherehani akapima kwa macho: leo yuko Mandara, leo atakuwa Horombo. Jioni simu ilikuja na upepo wake.

"Afisa Mizani," Ndelilio alimwita.

"Mpishi wa mawinguni. Umekula?"

"Nimepika, sijala. Nimepanda kajiwe kutafuta mtandao. Mawingu yote yako chini yangu, mama, meupe kama unga. Mji wenu siuoni, ila najua uko hapo chini na wewe umo."

"Umejuaje kama nimo? Labda nimeenda Bomang'ombe kuolewa."

"Kwa sweta lile la njano? Ningeliona likipita."

"Wewe Mlutheri una maneno."

"Na wewe Mkatoliki una masikio. Nashukuru Mungu ametugawia sawa."

Shoga yake Hellen, mwenye saluni kwenye baraza hiyohiyo na habari za mji mzima kichwani, alimwangalia siku moja akitia mkono wa shati mahali pa kola, akasema, "Huyu hatunaye. Tumebaki na kivuli."

Jumamosi ya pili ya Septemba Hilaria hakuzunguka. Ndelilio alikuwa ameshuka na kumwalika kwao Old Moshi, na kulikuwa na jua jepesi kama maziwa. Alivaa gauni la rangi ya krimu lenye vifungo vya mbao. Walikaa kihambani, shamba la nyumbani, migomba imeinamisha majani juu yao, maji ya mfereji yanapita yakisema peke yake, na Ndelilio akampikia wali. Hazikuwa ndizi za machalari wala mtori, ulikuwa wali mtupu na maziwa mgando. Harufu yake ilimfanya Hilaria afumbe macho.

"Huu wa wapi?"

"Wa Mabogini. Umetoka Jipunguzie."

"Jipunguzie? Wana mchele huu, na bei zile?"

"Ndio niliopewa," akasema, akageuka kuangalia moto.

Saa sita simu ilianza kulia. Wanawake walitaka Kikapu chao. Hilaria, tumbo limejaa, kichwa kimelala begani pa mtu, akashika simu akasema kwa sauti ya usingizini: "Jamani, leo ni neno moja. Mchele wa Jipunguzie, ile mifuko ya kilo tano. Mpya, unanukia, bei ya chini mjini. Nimeula kwa mdomo wangu."

Ilikuwa kweli. Lakini hakuutoa kwenye rafu kwa mkono wake.

Jumapili iliyofuata Mama Magreth wa Njoro alikuwa na sherehe ya komunyo ya mjukuu wake. Alinunua mifuko kumi. Sufuria zilipofunuliwa, harufu ya ghala lenye unyevu ilifika meza kuu kabla ya Padre. Wali ulikuwa vipande, wa kijivu, na ndugu waliotoka Rombo na Dar waliusogeza pembeni ya sahani kwa adabu, jambo linalouma kuliko matusi.

Hellen ndiye aliyepiga simu.

"Hilaria, umekaa?"

"Niambie nikiwa nimesimama."

"Mama Magreth analia jikoni tangu juzi. Kundi zima linauliza umelipwa shilingi ngapi. Nimekutetea mpaka nimekauka koo. Halafu nikauliza swali ambalo tulipaswa kuuliza tangu Julai. Jipunguzie ni la nani?"

"La nani?"

"La Ruth. Ruth wa Old Moshi. Dada yake tumbo moja na mpishi wako."

Hilaria akakumbuka simu iliyopigwa mlangoni, na mtu aliyegeuka kuangalia moto. Akaenda Njoro kwa miguu, akamwomba radhi Mama Magreth akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya jiko. Jioni akawaambia wanawake wake mia tatu: "Nimewaambia kitu ambacho sikukishika. Sikulipwa, lakini sina cha kuwaonyesha mniamini. Kikapu nimekifunga."

Simu kutoka Horombo ikaita. Ikaita tena. Akaifunika kwa kipande cha kitambaa na kukanyaga cherehani. Jumamosi tatu zikapita bila sauti yake, na mlima ukajifunika siku zote hizo kana kwamba umeambiwa.

Walikuja Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nyumbani kwa mama yake Kibosho. Mbwa alibweka, na Hilaria akawaona kati ya mibuni: mbele Mzee Sifael, baba mdogo wa Ndelilio, kwa koti la suti na buti za shamba, nyuma yake mwanamke mnene mwenye kilemba cha zambarau, na nyuma kabisa koti jekundu lililopauka. Mzee alishika kwa mikono miwili jani refu la kijani, limefungwa fundo.

Lilikuwa isale. Mama yake akasimama mara moja akafuta mikono kwenye khanga. Kwenye mteremko ule mzima, akiingia mtu uani kwako na isale, ameomba msamaha, na hakuna aliyewahi kusikika amemrudisha nalo.

"Shikamoo mama," Ndelilio akasema.

"Marahaba. Kaeni."

Mwenye kilemba hakukaa. "Mimi ndiye Ruth," akamwambia Hilaria. "Ile mifuko nililetewa na mfanyabiashara imeshashonwa. Sikufungua hata mmoja. Sisi nyumbani tunakula mchele wa shamba letu la Mabogini, ndio ninaomfungia huyu dukani. Alipokuambia umetoka Jipunguzie alisema alichokijua. Nimeitoa yote kwenye rafu. Kwa Mama Magreth nilianza kwenda jana, amenifokea, na ni haki yake. Ila wewe nimekuharibia jina, mdogo wangu, na jina halina pa kununulia."

Mzee Sifael akanyoosha jani.

Hilaria akaliangalia. Akalipokea kwa mikono miwili, na mama yake akashusha pumzi.

"Dada Ruth, nimekusamehe, na sitalitaja tena. Mzee, asante kwa kupanda kote huku. Lakini jani hili ni la Ruth. Huyu," akamwonyesha Ndelilio kwa kidevu, "asijifiche nyuma yake. Kwenye isale sina ruhusa ya kukataa. Yeye nataka aniombe mahali ninapoweza kukataa."

Mzee akakohoa kuficha kicheko. "Mnamkaanga mwanangu bila mafuta," akasema. Mama yake Hilaria akaenda kuleta pombe ya mbege.

Wakashuka hadi mferejini. Ukungu ulikuwa umeingia shambani, migomba ya mbali ikawa kama watu wamesimama wanasikiliza.

"Kwa nini hukuniambia?" Hilaria akauliza.

"Ile siku ya kwanza nilitaka. Halafu nikafikiri, huyu akijua ni duka la dada yangu, kila nitakachomwambia atakipulizia na kukinusa. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho zikawa nyingi."

"Na wewe mpishi, unayeangaliana na mchele usoni. Mfuko wa dada yako hukuufungua?"

"Sijawahi kununua pale hata kiberiti. Nanunuaje kwetu? Nikifika, Ruth ananifungia chakula nyuma ya duka naondoka. Maduka yote ya mji huu nayajua isipokuwa lile." Akavua kofia. "Niliposhuka nilifungua mfuko mmoja. Nikaupika, nikaumaliza wote peke yangu, siku kumi. Nilitaka nijue nilichowalisha watu wako."

Kitu kikacheka ndani ya Hilaria, lakini hakukiruhusu kufika mdomoni.

"Ulikuwaje?"

"Kama godoro la gesti."

Kikafika mdomoni.

"Hilaria, nakuomba unisamehe. Na hilo likipita, nakuomba unioe. Yaani nikuoe. Sina jani lolote, unaona mikono yangu. Unaweza kukataa."

"Naweza," akasema. Maji yakapita, yakapita tena. "Kesho unapanda?"

"Kesho. Siku sita."

"Jumamosi utakuwa wapi?"

"Horombo, nashuka."

"Basi tafuta lile jiwe lako."

Jumamosi alivaa sweta la njano. Alianza Kwa Basili, akaenda Bei Poa, akamalizia Jipunguzie, na kila kitu akakishika, akakipima, akakinusa. Alipotoka mlango wa mwisho mawingu yalikuwa yanafunguka taratibu, na mlima ukawa pale, mweupe, karibu mno, kama umeshuka mjini kununua sukari. Hellen alikuwa amefunga saluni ili aje asikilize. Hilaria akaleta simu mdomoni.

"Jamani, ni mimi. Nimefungua Kikapu, anayetaka kuondoka aondoke, simlaumu. Sukari, Kwa Basili. Mafuta na chai, Bei Poa, ila msigeuke nyuma. Jipunguzie wamehamisha sabuni mbali na unga, nimenusa, ni kweli. Mchele hawana. Rafu iko tupu, na karatasi imebandikwa inasema kwa nini. Mama Magreth nilimpigia asubuhi, amekubali nifungue, ila niwaambie mwenyewe."

Akautazama mlima. Hellen akamfinya.

"Kuna kitu cha nne. Sasa hivi kiko Horombo, na naamini kinasikiliza, maana dada yake yuko humu kundini. Bei siijui, hiyo ni kazi ya wazee wakikaa. Ubora, kina kasoro, nimeiona kwa macho yangu na nimeigusa. Uchaguzi, nimezunguka mji huu miaka mingi, cha namna hiyo nimekiona kimoja tu." Sauti yake ikawa ndogo, ya mtu anayezungumza na pumzi ya mtu mwingine upande wa pili wa gunia. "Nimekishika kwa mkono wangu. Nachukua."

Akatuma.

Simu ikaanza kutetemeka kwa vicheko na vigelegele vya wanawake mia tatu. Hakuvisikiliza. Alisubiri ujumbe mmoja wa sauti, na ulipofika kutoka kwa Ndelilio haukuwa na neno hata moja ndani yake. Kulikuwa na upepo mrefu wa mlimani, kofia ikipiga kitu, na mtu anajaribu kusema, anashindwa, anajaribu tena.

Hilaria akausikiliza mara tatu, macho yakiwa juu kwenye weupe ule, mpaka mawingu yakarudi.