Upindo wa Gauni la Harusi

Fundi alikuwa hodari wa kushona, lakini upindo ulimshinda. Kupima upindo wa gauni refu, lazima upige magoti mbele ya mteja, umzunguke ukichoma pini. Mgongo wake ulikuwa umekaza. Miaka kumi na tisa ya kuinamia cherehani si mchezo! Siku hizi akipiga magoti, hainuki mpaka ashike meza na kumwita mumewe.

Maumivu yalimnyima usingizi. Neno dogo tu lilimtia hasira. Siku moja binti yake, aliyebakiza miezi mitatu aolewe, alimwambia taratibu:

"Mama, unaumwa. Gauni langu nimpe fundi mwingine?"

"Mpe! Mpe hata sasa hivi!" Fundi alifoka.

Binti alitoka akilia. Fundi akabaki na mkasi mkononi, roho ikimuuma kuliko mgongo. Gauni lile alikuwa akiliwaza tangu binti yake yuko mgongoni.

Jirani yake muuguzi alikuja kuchukua sketi, akamkuta anafuta machozi.

"Daktari alisemaje?"

"Mifupa mizima. Misuli imekaza kwa kukaa. Nifanye mazoezi, eti."

"Basi njoo tufanye yoga."

"Yoga? Mimi nijikunje na umri huu?"

"Nani kakwambia ujikunje? Unanyoosha mwili polepole huku ukipumua vizuri. Misuli inalegea na kupata nguvu. Akili nayo inatulia."

Muuguzi alimfundisha mikao mitatu, ya dakika kumi tu. Lakini Fundi alizoea kazi za haraka. Alisema moyoni, kama dakika kumi zinafaa, saa mbili zitaniponya leo leo. Akajifungia chumbani. Akanyoosha, akavuta, akalazimisha. Mumewe alimkuta amekwama chini ya meza ya kukatia, mguu mmoja juu ya kiti.

"Mama watoto, umepoteza sindano?"

"Acha maneno, niinue!"

Muuguzi aliposimuliwa, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia, "Mwili si gauni la dharura, dada. Fanya kidogo, lakini kila siku. Ukisikia maumivu makali, acha. Na usibane pumzi."

Safari hii Fundi alitii. Kila asubuhi alitandika mkeka kabla ya kugusa cherehani. Wiki mbili hakuona kitu, akanung'unika, lakini hakuacha. Wiki ya nne alilala fofofo mpaka kukacha.

"Nyumba imetulia hadi paka aliyekimbia kelele zako karudi," mumewe alitania.

Fundi alimwendea binti yake. "Nisamehe, mwanangu. Kitambaa kiko wapi?"

"Kabatini, mama. Sikumpa mtu."

Kazi ikaanza. Alipokosea kukata mkono mmoja wa gauni, hakufoka. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa polepole, akakata mwingine.

Siku ya kupima, binti alisimama katikati ya chumba. Fundi alipiga magoti. Akamzunguka polepole, pini baada ya pini, mpaka ya mwisho. Binti akanyoosha mkono amwinue.

"Simama wima, utaniharibia upindo!"

Fundi alikita mguu mmoja sakafuni, akavuta pumzi, akainuka mwenyewe. Hakushika meza. Furaha ilimjaa mpaka machozi yakamtoka.

Mumewe alikuwa mlangoni, tayari kuja kumwinua.

"Leo hujaniita," alisema.

"Nakuita sasa," Fundi alijibu akicheka. "Njoo umwone mwanao alivyopendeza!"