Chaki Nyeupe, Chaki ya Buluu

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikilia, wanafunzi walitoka mbio kwenda nyumbani. Sindano hakukimbia. Alisimama langoni kwanza, akajikumbusha: leo ni kwa baba. Jumatatu angekuja shule akitokea kwa baba, na jioni yake angerudi kwa mama. Mkobani alibeba madaftari, mswaki na gauni la kulalia. Mdomoni alibeba maneno ya watu wengine.

Jina hilo alipewa na baba yake kwa wembamba wake, na kwa kuwa alizaliwa katika nyumba ya mafundi. Baba alikuwa mkataji, mama mshonaji. Duka lao lilikuwa moja na meza yao moja. Baba alichora kwa chaki, akakata, akamsukumia mama kitambaa huku akimwambia mshono upite wapi. Yote yalikwisha kwa mdomo, juu ya meza. Sindano alikulia chini ya meza hiyo, akisinzia kwa sauti mbili: mkasi unatafuna, cherehani inakimbia.

Kisha wakaachana. Duka likafungwa. Baba akahama na mkasi, mama akahama na cherehani. Watu wazima wakamwambia Sindano, "Una bahati wewe, una nyumba mbili!" Bahati gani? Mwenye nyumba mbili hukaribishwa kila mahali kwa swali moja: "Unaondoka lini?" Kwa mama aliukosa mkasi, kwa baba aliikosa cherehani, na usingizi ulimpita kotekote.

Wazazi hao hawakusemezana tena. Simu walikuwa nazo, midomo walikuwa nayo, lakini walimfanya mtoto wao tarishi.

"Mwambie baba yako, kama mkasi wake umekuwa butu kama akili yake, aseme!" mama alifoka Ijumaa moja.

Njiani Sindano aliyachambua maneno hayo kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Alipofika akasema, "Baba, mama anauliza kama utakata gauni langu." Halafu akatia asali kidogo: "Anakusalimia."

Mama hakuwa amemsalimia mtu.

Gauni lenyewe lilikuwa sare mpya. Sindano alichaguliwa kusoma shairi mbele ya wageni siku ya wazazi, na sare yake ya zamani ilikwishapanda juu ya magoti. Alitaka jambo moja tu: siku hiyo wazazi wake wote wawili wawepo, wamtazame kwa pamoja.

Baba alikata kitambaa siku ya Jumapili. Kama kawaida yake, alichora mistari miwili. "Mwambie mama yako apite kwenye chaki nyeupe," alisema. "Ya buluu ni akiba. Mwakani ukinenepa, kama utanenepa wewe, tutafumua. Na umwambie macho ayatoe kwenye simu, asiliharibu gauni kama alivyoiharibu nyumba!"

Maneno ya mwisho yalimkaa Sindano kooni. Jumatatu jioni alimkuta mama amevimba kwa hasira za kazini.

"Haya, huyo baba yako kasemaje?"

Sindano alijaribu kutoa miiba, akashindwa. Safari hii samaki mzima alikuwa miiba. "Hakusema kitu," alijibu. "Anakusalimia tu."

Mama alikigeuzageuza kitambaa. "Mistari miwili! Zamani angalau alikuwa anasema. Sasa anataka nimuulize, anione mjinga? Simuulizi!" Akashona kwenye mstari wa nje, wa chaki ya buluu.

Alimaliza Ijumaa asubuhi, dakika za kukimbilia kazini. Gauni lilimwangukia Sindano kama pazia, mabega yakiwa viwikoni.

"Limekukaa?" mama aliuliza, tayari yuko mlangoni.

Sindano alijua kuwa akilalamika, malalamiko hayo yatazaa ujumbe mwingine, na ujumbe huo ataubeba yeye. "Limenikaa vizuri, mama."

Katika mazoezi ya shairi, darasa zima lilicheka. "Jamani, tafuteni! Sindano imepotea ndani ya gunia!" Mwalimu aliwanyamazisha, kisha akamwita pembeni. "Mwanangu, waambie wazazi wako walirekebishe. Bila hivyo nitamweka mwingine."

Waambie. Hata mwalimu alimpa ujumbe.

Kengele ilipolia, Sindano alisimama langoni kama kawaida, lakini miguu ilikataa kwenda kwa baba, na kwa mama haikuwa zamu yake. Akaenda kwenye duka la zamani. Mlango ulikuwa na kufuli lililoanza kutu. Alikaa kizingitini, akatega sikio kwenye ubao wa mlango. Ndani hamkuwa na mkasi wala cherehani. Jua likashuka, wapita njia wakapungua, na hakuna aliyemtafuta.

Jirani na duka hilo palikuwa na dobi, dada yake baba. Alipotoka kuanua nguo alimwona.

"We Sindano! Mbona uko hapa?"

"Shangazi, nimechoka."

 Shangazi alimwingiza ndani, akampigia kaka yake simu. "Mtoto wako yuko wapi?"

"Si yuko kwa mama yake? Nilidhani kaamua kumzuia huko."

Akampigia wifi yake. "Wifi, mtoto yuko wapi?"

"Leo Ijumaa, yuko kwa baba yake."

"Hayuko kwa yeyote!" Shangazi alipaza sauti. "Njooni hapa, wote wawili, sasa hivi!"

Walifika wakihema, na hofu yao ikageuka ugomvi mara moja.

"Ulishona vipi wewe?" baba alifoka, akiliona gauni lilivyompwaya Sindano. "Niliagiza chaki nyeupe!"

"Uliagiza wapi? Sikuambiwa kitu!"

Wote wakamgeukia Sindano. Machozi yalimtoka. "Sikusema," alisema. "Baba alisema umeiharibu nyumba, mama. Sikuweza kukuletea hilo, nikaacha yote. Na zile salamu nilikuwa natunga mimi. Hamsalimiani."

Shangazi aliiweka kando pasi iliyofuka mvuke. 

"Mimi ni dobi," shangazi alisema. "Nguo chafu nazijua. Kila mtu anazo, na mwenye adabu hufua zake. Nyinyi mmezianika shingoni mwa mtoto! Mmeachana, sawa, hilo ni lenu. Lakini jioni nzima mtoto hakuwa na mzazi, kwa sababu mmoja alikuwa na kiburi na mwingine alikuwa nacho vilevile. Lenu mtasemezana wenyewe." Akamgeukia Sindano, sauti ikalainika. "Na wewe, mwanangu, uongo mtamu bado ni uongo. Umeona ulikokufikisha. Mzigo wa wakubwa ukikuelemea, sema: siwezi. Si utovu wa adabu."

Sindano alibadili, akavaa gauni lake la kulalia. Mama alivuta kiti kwenye meza ya pasi, akachukua wembe, akaanza kulifumua lile la shule. Aliuliza bila kuinua macho, "Nyeupe?"

"Nyeupe," baba alijibu. "Kwapani punguza kidogo."

Siku ya wazazi walikuja. Walikaa mstari mmoja, shangazi katikati yao kama mto kati ya kingo mbili. Hawakurudiana, na Sindano hakutunga kwamba watarudiana. Alisoma shairi lake, gauni limemkaa sawasawa.

Ijumaa iliyofuata asubuhi, mama alimsindikiza hadi mlangoni.

"Nimwambie baba nini?"

"Nimeshampigia simu. Mwambie habari zako."

Kengele ya mwisho ilipolia, njia ya kwa baba ilikuwa ileile, ndefu na tupu, na mwishoni mwake mkasi ungali unalia peke yake. Sindano aliweka mkoba begani. Mdomo wake ulikuwa mtupu. Alipofika kwenye kona, akaanza kusema shairi lake kwa sauti.