Waliokuja Krismasi na Wasiokuja

Desemba ilipofika, barabara ya kijijini kwao Ezra, juu ya Moshi mjini, ilijaa magari. Waliohama kutafuta maisha walirudi kula Krismasi. Mbuzi walichinjwa, mbege, pombe ya ndizi, ikamiminwa, majigambo yakachemka kuliko supu.

Usharika ulikuwa na mfuko wa kusaidia vijana waliokwama mijini. Wazee walitaka kujua kama bado unahitajika. La sivyo, zinunuliwe spika za kanisa. Wakamtuma Ezra awahoji waliohama. Naye akaketi penye mbege, akamuuliza kila aliyekunywa. Mmoja alijiita meneja. Wa pili alikuwa bosi wa mameneja. Mwenye shida hakupatikana.

Jioni akamwambia mama yake, Winfrida, kwamba mfuko utafungwa. Mama alikuwa akitundika nyama juu ya moshi wa jikoni. Lilikuwa fungu la Ndelilio, kaka yake Ezra, aliyekwenda Dar na hajaonekana Krismasi kadhaa.

“Na huyu umemuuliza?”

“Mama, huyu si hakuja?”

Shangazi Stella, aliyestaafu kazi ya takwimu, alicheka hadi chai ikamwagika.

“Umekwenda harusini kutafuta wafiwa, baba. Asiye na nauli haji. Mwenye aibu haji. Umewauliza waliofika tu.”

Akamfundisha. Aandike majina ya nyumba zote, za wenye nacho na wasio nacho, ayachanganye kapuni, achote bila kuchagua. Kila nyumba itakayotoka itaje watoto wake wote waliohama, waliokuja na wasiokuja. Wasiokuja awapigie simu, na kila mmoja amwombe namba za wenzake wachache, maana waliokwama hujuana.

Ezra akachota. Ikatoka nyumba ya bosi wa mameneja. Mama wa bosi akanong'ona kwamba gari alilokuja nalo mwanawe ni la kukodi, na mdogo wake bosi amekwama Dar. Ezra akampigia mdogo mtu. Huyo akasema yupo jamaa wa kijijini wanayesukuma naye mkokoteni.

Alikuwa Ndelilio.

“Nitakujaje bila gari?” akauliza Ndelilio, Ezra alipompigia na kumwambia arudi.

Winfrida akaichukua simu. “Kwani gari tutalila? Njoo.”

Wazee walipoona majibu mapya, yaliyojaa waliokwama, spika zikasubiri. Mfuko ukamsomesha Ndelilio uchomeleaji.

Krismasi iliyofuata alishuka kwenye basi na begi lake mgongoni. Akaitafuna nyama aliyotunziwa na mama, ngumu kama soli, akaimaliza. Penye mbege wakamuuliza anafanya kazi gani.

“Nachomelea mageti.”

Kisha bosi wa mameneja akasogeza kigoda karibu naye, akamuuliza kwa sauti ya chini kama huko kuna nafasi ya kazi.