Kadi ya Wifi

Kila asubuhi wifi yake alianika nguo za watoto kwenye kamba ya uani. Vifulana, vikofia, soksi kama vidole. Fundi cherehani alizitazama dirishani, mguu kwenye pedali, roho ikimuuma.

Wifi, dada wa mumewe, alikuwa na watoto wanne, wazima wote. Fundi alikuwa na mmoja. Wa pili alizaliwa amevimba mwili, akafa siku hiyohiyo. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano, naye aliwaambia watu kwamba amenenepa.

"Wifi, umekwenda kliniki?" dada wa mume alimuuliza fundi kutoka kambani.

"Kliniki kuna dawa ya macho ya watu?"

"Macho ya nani?"

"Mwenye nayo anajijua."

Wifi akabana kibanio kwenye kamba. "Kapimwe damu, mama. Mimi nilipimwa kila mimba."

"Tumesikia. Mwenye wanne kasema."

Wiki ile mkunga alikuja kupimwa sare mpya. Fundi alipoinama na futi yake, mkunga akamtazama tumbo.

"Fundi, mimi unanipima kiuno. Wewe nani anakupima?"

Fundi akakaa chini. Akamweleza habari za mtoto aliyevimba. Kesho yake mkunga alimpokea kliniki pamoja na mumewe, akawatoa damu wote wawili, kisha akamwita fundi na majibu.

"Damu yako ni ya kundi hasi, haina chembe iitwayo Rh. Ya mumeo ni chanya, inayo, na watoto wamefuata ya baba. Ulipojifungua wa kwanza, damu yake kidogo iliingia kwako. Mwili wako ukaiona ngeni, ukaweka askari. Hao ndio walioiharibu damu ya wa pili."

"Si jicho la mtu?"

"Jicho haliharibu damu."

"Na wifi yangu? Mbona wake wazima?"

"Muulize mwenyewe."

Aliporudi nyumbani, alimuuliza palepale uani. Wifi akaingia ndani, akarudi na kadi yake ya kliniki. Kwenye kundi la damu paliandikwa: hasi.

"Nilichomwa sindano ya kinga nikiwa mjamzito," alisema wifi. "Na kila nilipojifungua, nilichomwa nyingine kabla ya siku tatu kwisha. Ulidhani najidai?"

"Nilidhani."

Sindano ile haikumfaa tena fundi, kwa kuwa askari walikwisha kuzaliwa. Lakini mtoto aliweza kutibiwa tumboni. Mkunga alimwandikia barua ya kwenda hospitali kuu, na wifi akamsindikiza. Picha ya tumbo ilionyesha mtoto amepungukiwa damu. Daktari alipitisha sindano ndefu, nyembamba, hadi kwenye mshipa wa kitovu, akamwongezea mtoto damu isiyoweza kushambuliwa na askari wale. Fundi aliutazama mkono wa daktari kwa jicho la kazi. Haukutetemeka.

Walirudi mara mbili zaidi. Wiki kadhaa kabla ya siku zake, msichana alizaliwa, ngozi yake ya manjano kidogo. Akalazwa chini ya taa maalumu, rangi ile ikamtoka. Akalia mpaka wodi nzima ikamjua.

Walipofika nyumbani, fundi alianika vifulana alivyoshona mwenyewe, vyenye maua shingoni. Wifi akasimama kwenye kamba, akakishika kimoja.

"Wangu hawakuvaa vizuri hivi," alisema. "Naona wivu."

"Zamu yako," alisema fundi. "Nishikie upande huo, kamba imejaa."