Gari Lenye Harufu ya Mto

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Bibi Rada husafishwa damu hospitalini. Figo zake zimechoka. Asubuhi binti yake, Veska, humfunga skafu, humpa kipande cha mkate wa jibini, kisha humsindikiza hadi kituo cha basi.

Novemba, tangazo lilibandikwa kituoni. Basi la kijiji chetu lingekoma mwisho wa mwezi. Bibi alilisoma mara mbili.

"Basi likikoma, na mimi nimekoma," alisema.

"Mama, acha maneno hayo!" Veska alimkemea, lakini alijua ni kweli. Mgonjwa wa figo haruki siku.

Krum, mume wa Veska, ni mwokaji mikate. Ni mtu mwema, ila akipenda kitu, masikio yake huziba. Alhamisi alirudi nyumbani akicheka peke yake.

"Nimepata gari! La rangi ya fedha, safi, bei poa. Jumamosi tunalichukua."

"Umeliendesha?" Veska aliuliza.

"Nimezunguka nalo uani kwa muuzaji."

"Uani! Hata mbuzi huzunguka uani."

"Lina harufu ya unyevu kidogo, basi. Muuzaji anasema mama yake humwagia kila gari maji ya baraka. Juzi alimwaga dirisha likiwa wazi."

Kwetu jambo hilo halimshangazi mtu. Anayeanza safari, anayeanza shule, anayenunua gari, wote tunawamwagia maji mbele yao ili mambo yatiririke. Ndiyo maana Krum aliumeza uongo ule mzima mzima.

Veska hakuumeza. Alikwenda kwa jirani, Milka, aliyeendesha gari la wagonjwa kwa miaka ishirini na sita.

"Twende wote, na Bibi pia," Milka alisema. "Gari hujaribiwa na kila atakayelipanda. Na mwambie Krum ampigie simu muuzaji. Asiliwashe kabla hatujafika. Injini ikiwa baridi, ubovu haujifichi."

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito. Uwanja wa muuzaji uko kando ya mto, lakini mto haukuonekana, ulisikika tu. Magari yalisimama kwa mistari, yamefutwa, hayana watu. Milka aliweka kiganja juu ya boneti la gari la fedha.

"Lina moto. Tulisema lisiwashwe."

"Nimelipasha tu, mama. Baridi hii!" alijibu muuzaji, bwana mpole mwenye koti zuri.

Bibi aliingia nyuma. Alinusa.

"Humu ndani kuna mto," alisema.

"Ni manukato, bibi," muuzaji alisema haraka.

Vioo vilikuwa vimetoka jasho upande wa ndani. Veska alikifuta kimoja kwa kiganja. Kikatoka jasho tena.

Milka alishika usukani, Krum akakaa kando yake. Muuzaji alikaa nyuma na Bibi na Veska. Redio ilikuwa inaimba kwa sauti kubwa.

"Zima," Milka alisema. "Nimekuja kulisikiliza gari, si mwimbaji."

Krum aliizima. Barabarani Milka alikanyaga breki kwa nguvu. Ndani ya mlango, karibu na kiwiko cha Bibi, maji yalisogea. Yalikwenda mbele, yakarudi nyuma.

"Mmesikia?" Bibi aliuliza.

Muuzaji aligeukia dirisha. Kisha waipa zikafuta kioo mara moja, zikalala. Hakuna aliyezigusa. Bibi alifanya ishara ya msalaba.

Walipoanza kupanda mlima, injini ilikata ghafla. Taa zilizimika. Vitasa vyote vinne vikajifunga kwa pamoja: tak! Bibi alivuta mlango wake. Haukufunguka. Veska alibonyeza kitufe cha kioo. Hakikushuka. Nje ukungu uliwazunguka. Gari lilikuwa limesimama kabisa, lakini ndani ya mlango maji bado yalichezacheza, polepole.

"Kuna mtu alikaa hapa kabla yangu," Bibi alisema kwa sauti ndogo. "Nitoeni."

Milka alivuta breki ya mkono. Alivuta kitasa cha mlango wake mara mbili, na kwa bahati ukafunguka. Walimpitisha Bibi juu ya viti vya mbele, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili. Skafu yake ilianguka. Veska alikuwa analia.

Bibi na wengine walipokwisha kutoka, Milka alirudi ndani.

"Njoo, Krum, ujifunze. Vuta mkanda wa kiti cha nyuma. Usiishie katikati. Uvute mpaka mwisho."

Krum aliuvuta. Mwanzo wa mkanda ulikuwa safi. Mwisho wake ulikuwa na matope makavu. Milka akabandua mpira wa mlango. Chini yake palikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka. Bibi alipokuwa ameketi, mstari ule ulifika kidevuni pake.

"Gari hili lilizama," Milka alisema. "Limekaushwa na kung'arishwa. Lakini maji yakiingia kwenye nyaya, hula polepole. Leo waipa zinacheza, kesho breki. Maji ya baraka humwagwa mbele ya magurudumu, Krum. Hayafiki kidevuni."

"Lilikuja hivyo kutoka nje," muuzaji alinong'ona.

"Na aliyekuwa ndani?" Bibi aliuliza.

"Sijui, bibi. Sikuuliza."

Krum aliketi juu ya jiwe. "Ningemweka mama humo mara tatu kwa wiki," alisema kwa aibu.

Siku ileile waliendesha magari mengine mawili, kila moja la mwenye wake, katika barabara ileile na mlima uleule. Milka alisema usipopita njia moja na yote, hulinganishi, unakisia. La kwanza lilikwenda vizuri, lakini Bibi hakuweza kuinua goti kuingia. La pili lilikuwa la kijani, kuukuu, la mwalimu mstaafu. Boneti lilikuwa baridi. Liliwaka mara moja.

"Breki ya nyuma kushoto inapiga kelele," mwalimu alisema mwenyewe, kabla hajaulizwa.

Jumatatu fundi wao, si wa muuzaji, alilinyanyua na kulikagua chini. Alilinganisha namba ya gari iliyo kwenye karatasi zake na ile iliyogongwa kwenye bodi. Ndipo wakanunua. Bibi Rada alimwaga ndoo nzima ya maji mbele ya magurudumu, akajilowesha viatu, akacheka.

Basi lilikoma. Bibi hakukosa hata siku moja.

Januari, Krum alimngojea Bibi nje ya hospitali. Lile gari la fedha lilikuwa limeegeshwa kando yake. Vioo vyake vilikuwa na jasho ndani. Waipa zilifuta mara moja, zikalala. Ndani hamkuwa na mtu, ila kiti cha mtoto.

Nywele zilimsimama. Angeweza kuondoka. Bibi alipotoka, alilitazama lile gari, akakubali kungoja naye kwenye baridi.

Baada ya saa nzima alikuja baba kijana, amebeba mtoto aliyelala. Krum alivua kofia.

"Samahani, ndugu yangu. Kabla hujamfunga huyo mtoto, hebu uvute mkanda mpaka mwisho."