Mahindi ya Mbegu kwenye Mtambo wa Mwanga

Kila asubuhi kabla ya gwaride, Nyaruai alimwagilia mboga za klabu ya kilimo ya 4K, kisha akasimama chini ya mnara wa tangi la maji kuutazama mtambo. Kazi ya kwanza alipewa na mwalimu. Ya pili alijipa mwenyewe, maana hakuchoka kuushangaa.

Na kwa kweli ulistahili. Waya wa intaneti ulikuwa umefika sokoni, lakini kati ya soko na shule yao, nje kidogo ya mji wa Kitale, palikuwa na kinamasi kilichowashinda wachimba mitaro wote. Ndipo Injinia Nasimiyu alipokuja kutoka Bungoma na visanduku viwili vyenye vioo. Kimoja alikifunga juu ya ghorofa la soko, kingine juu ya mnara wa tangi, vikatazamana. Kimoja kilirusha mwanga usioonekana kwa macho, kingine kikaudaka, na masomo yakaanza kuvuka kinamasi bila waya wowote. Ukungu ukiwa mzito walisubiri jua litoke, basi.

Ijumaa hiyo Kimotho wa Gredi ya Sita angeutumia mtambo huo kuonyesha mashine ya kupukuchua mahindi aliyoiunda kwa mbao na misumari. Walimu wa chuo kimoja cha ufundi Bungoma wangemtazama, na kama wangependezwa, wangemwita akajifunze kwao wakati wa likizo. Kimotho alikuwa akila na kulala akiiwaza mashine hiyo.

Alhamisi jioni, Nyaruai alitafuta mahali pa kuanikia mahindi ya mbegu ya klabu. Stoo ilijaa panya. Nyumbani, nyanya yake Nyambu husuka maganda ya mahindi ya mbegu na kuyatundika juu, penye jua. Pale shuleni, ni wapi palikuwa juu zaidi ya mkono wa chuma ulioshika mtambo? Nyaruai alipanda ngazi, akalitundika fungu zima, akashuka akijipongeza.

Asubuhi ukungu ulitoweka lakini intaneti haikurudi. Nyaruai aliyakumbuka mahindi yake. Alikimbia akayashusha mahindi na kuyaficha stoo kabla mtu hajamwona. Hata hivyo, intaneti haikurudi.

Mwalimu Jepkosgei alitazama juu, akaona mpira wa karatasi za nailoni umekwama kando ya tangi.

"Kimotho, si huu ni mpira wako?"

"Ni wangu, Madam, lakini ulipanda huko wiki iliyopita. Sijagusa mtambo!"

"Umecheza pale nilipokataza. Hata intaneti ikirudi, mashine yako ataionyesha mwenzako Everlyne."

Kimotho aliinua mashine yake, akairudisha darasani.

Injinia Nasimiyu alifika na mkoba wake. Alipima umeme, ukawa sawa. Akafuata nyaya moja baada ya nyingine, nazo zikawa sawa. Saa zilikuwa zinayoyoma.

"Watoto, kuna mtu ameguza hii kitu?" aliuliza.

Nyaruai alimwona Kimotho dirishani, macho mekundu. Aliona aibu iliyozidi woga wake.

"Ni mimi, Madam. Nilitundika mahindi hapo juu. Halafu nikayaficha."

Mwalimu Jepkosgei alishika kiuno. Lakini Injinia hakupaza sauti.

"Mahindi mengi? Uliyafunga upande gani?"

"Fungu kubwa. Upande wa huku, wa kinamasi."

"Sawa. Sasa najua mkono umevutwa wapi."

Alipanda, akalegeza nati, huku akiongea kwa simu na Wabwile, fundi mwenzake aliyekuwa sokoni.

"Bado," sauti ya Wabwile ilisikika. "Bado... rudi kidogo... hapo hapo!"

Injinia akakaza nati. Aliposhuka, alimwonyesha Nyaruai ukucha wake. "Mkono uligeuka kiasi hiki tu. Lakini kule sokoni mwanga ulikuwa unapita kando ya ghorofa lote."

Nyaruai aliutazama tena mtambo kule juu. Hata siku hiyo ya balaa, mtambo ulimshangaza.

Mwalimu Jepkosgei alimwendea Kimotho mbele ya darasa zima. "Nimekuonea, mwanangu. Samahani. Mashine utaionyesha wewe."

Mchana, kwenye skrini, wanafunzi wa chuo kule Bungoma walipiga makofi punje zilipomwagika. Mwalimu mmoja wa chuo aliomba kuona tena, kisha akasema, "Likizo ikifika, uje nayo."

Nyaruai alimwomba Kimotho msamaha.

"Ati mahindi!" Kimotho alicheka. "Bana, si ungeniambia nikutengenezee kichanja cha kuyaanikia?"

Injinia Nasimiyu alikuwa akifunga mkoba. "Nyaruai, kukosea ni kawaida; hata mimi nimeharibu vitu vingi. Lakini ulipoficha yale mahindi, ulinifanya nitafute mahali pasipo na shida, na mwenzako karibu apoteze bahati yake. Siku nyingine, sema mapema."

Kisha akamwandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi.

"Kila mahali nilipoweka mtambo nahitaji mtu wa kunipigia ukiharibika," alisema. "Hapa nakuchagua wewe, kwa sababu najua utaniambia ukweli hata kama ni wewe umeuharibu."