Mwaka Ambao Papa Athanase Alimwambia Kila Mtu

Asubuhi hiyo Mama Dorothée alikaa mlangoni akichagua maharage. Yaliyotobolewa na wadudu aliyaweka kando kwa chakula. Mazima yalikuwa machache mno. Yasingetosha kupanda hata robo ya shamba.

"Papa, mbegu hakuna," alimwambia mume wake. "Mvua njo inaanza hivi. Unaenda ku koperative lini?"

"Leo leo," alijibu Athanase Nzabandora. "We usisumbuke. Kule banayua jina yangu."

Alisema kweli. Hapo Muheto, katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, Athanase hakuwa tena na ng'ombe. Vita viliwamaliza wote. Alibaki na mbuzi wawili, shamba la mlimani na jina zuri. Kwa miaka sita alikopa mbegu katika koperative ya akiba na mikopo, na kwa miaka sita alilipa kabla ya siku kufika. Yeye na majirani wanne walikuwa kikundi kimoja cha dhamana. Mmoja akishindwa kulipa, wote watano wananyimwa mkopo mpaka deni liishe. Kwa hiyo watu walipenda kuwa kikundi kimoja na Athanase.

Alivaa koti lake akashuka hadi ofisini. Mama Emérita, mfanyakazi wa mikopo, alifungua daftari kubwa. Alisoma, akasoma tena.

"Papa Athanase, ikala kwanza."

"Niko na haraka, Mama. Nilikuya juu ya mbegu."

"Ikala, Papa. Uko na deni ya dola mia moja na makumi tano. Imepitisha siku, sasa miezi mbili. Na akiba yako ya mu simu iliisha yote."

Athanase alicheka. Kisha akaona kwamba Emérita hacheki.

"Mi sikukamata kitu, Mama! Hata franga moja!"

"Kredi iliombwa na simu yako, na kode yako ya siri. Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, saa tisa ya muchana. Ile siku ulikuwa wapi?"

Koperative ile iliwaamini wanachama wake wazuri. Waliweza kuomba mkopo kwa simu, bila kufika ofisini. Athanase mwenyewe hakuwahi kufanya hivyo. Alijaribu kukumbuka tarehe ile, na alipoikumbuka, ndipo akakaa kwenye kiti. Siku hiyo alikuwa nyumbani na mgeni.

Mgeni huyo aliitwa Viateur. Ujanani yeye na Athanase walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kila mmoja alikuwa na kinga yake, ndivyo watu wa huko wanavyoita baiskeli. Walipakia maharage na jibini, wakavipeleka mpaka Buleusa, huko Walikale. Walirudi na mawese. Kwenye milima walisukuma, kwenye mitelemko waliomba Mungu. Halafu vita vikawatenganisha kwa miaka karibu thelathini. Mwezi wa sita Viateur akatokea mlangoni, amekonda, kichwa cheupe. Athanase alimkumbatia akalia machozi. Dorothée alichinja kuku pekee aliyebaki.

Walikula, wakapiga hadithi mchana kutwa.

"Unakumbuka ile mutelemuko?" Athanase aliuliza. "Frein yangu ilikatika, kinga ikakataa kusimama! Niliweka muguu ku pneu ya nyuma mupaka kiatu ikaungua!"

"Na bidon ya mawese ikapasuka!" Viateur alijipiga paja. "Ukatoka mwekundu kichwa mupaka miguu. Bamama ba njiani bakakimbia, banawaza iko damu!"

"Eh, kaka! Ile siku!"

"Ilikuwa mwaka gani ile?"

"Makumi munane na kenda! Ile mwaka siwezi kuisahau. Hata simu yangu njo ninaifungulaka nayo."

Walicheka wote wawili. Baadaye kidogo Viateur alishika mfuko wake.

"Kaka, unite zangu za kupiga simu ziliisha. Nipatie simu niongee na mama ya batoto."

Nani angemnyima? Muheto mgeni akiomba simu anapewa, kama anavyopewa maji. Lakini ndani ya nyumba hakuna rezo. Mtu anapaswa kupanda kilima mpaka kwenye mikaratusi ndipo simu ishike. Athanase anaumwa goti. Alibaki chini, akamwacha rafiki yake apande peke yake. Viateur alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alishukuru sana, akaaga, akaondoka na pikipiki.

Tangu hapo mesaji zilianza kuingia katika simu, ndefu, kwa Kifaransa. Athanase alidhani ni matangazo ya kampuni ya simu. Alizifuta zote bila kusoma.

Sasa aliyasema haya mbele ya Emérita, na kila neno lilikuwa zito mdomoni.

"Kode yangu ilikuwa..." alianza.

"Usiniambie!" Emérita aliinua mkono. "Hata miye usiniambie, Papa. Hakuna mufanyakazi wa koperative mwenye anapashwa kuiyua. Akikuuliza, yuwa ni mwizi. Sema tu: iko mwaka?"

"Iko mwaka. Ya kufungula simu na ya pesa, yote iko moja."

"Mwaka yenye batu bengine banayua?"

Athanase aliinamisha kichwa. Muheto nzima iliujua mwaka ule. Aliusimulia kwenye harusi, sokoni, hata nje ya kanisa baada ya misa.

"Mama, futa ile deni. Si miye niliikula."

"Siwezi, Papa. Pesa ilitoka kwa jina yako na kode yako. Kama ungekuya ile siku, ao kesho yake, tungefunga konti mbio. Ile mesaji zilikuwa zinakuita. Kama hausomi Kifaransa, ulete simu hapa, ao mupatie muntu wa nyumba yako akusomee. Usifute kitu yenye hauyue."

Siku hiyo hiyo Emérita alimsaidia kubadilisha namba ya siri. Ilikuwa namba isiyo mwaka, isiyo umri, isiyo ya simu ya mtu. Alimwandikia karatasi ya kupeleka polisi. Pia alimfundisha jambo moja dogo.

"Mugeni akiomba simu, usimunyime. Andika namba weye mwenyewe, na usimame karibu yake mupaka amalize. Goti likiuma, mupande pamoja polepole."

Athanase alirudi nyumbani bila mbegu. Polisi waliandika maneno yake. Namba ya Viateur, iliyopokea zile pesa, haikupatikana tena, wala siku hiyo wala siku nyingine.

Habari zilifika kwa majirani kabla ya jua kutua. Mama Uwizeye, mjane aliyekuwa katika kikundi chake cha dhamana, alikuja akasimama uani. Alikataa kiti.

"Papa Athanase, miye niko na batoto tano. Mbegu zangu zimezuiliwa. Shamba yangu italala juu ya hadisi zako za kinga?"

"Dada, na miye niliibiwa."

"Weye uliibiwa na rafiki yako. Miye naibiwa na nani?"

Kuanzia hapo Mama Uwizeye alipomwona njiani alivuka upande wa pili. Athanase aliacha kula vizuri. Alikaa nyuma ya nyumba siku nzima, akitazama shamba lisilolimwa. Mvua zilinyesha, nzuri, za kupandia, na kila tone lilimuuma. Mwizi asiyemjua angemkasirikia tu. Lakini huyu alikula kuku wake na kucheka naye!

"Kulia hakuoteshi maharage," Dorothée alimwambia mwishoni. "Simama, Papa. Tuuzishe mbuzi."

Waliuza mbuzi wote wawili. Waliuza na mabati ya paa la jiko jipya. Zikapatikana dola mia moja na kumi. Athanase alizipeleka, pamoja na karatasi ya polisi. Kamati ya koperative ilikaa, ikaamua. Majirani wanne wafunguliwe mikopo yao mara moja. Dola arobaini zilizobaki Athanase alipe kidogo kidogo. Lakini yeye mwenyewe hapati mbegu msimu huu.

"Jina yako haikufa, Papa," alisema Emérita. "Ulikuya kusema kweli, na ulilipa. Msimu unaokuya, ukimaliza deni, utakopa tena. Nusu, si yote."

Nusu. Miaka sita ya kulipa vizuri, halafu nusu. Athanase alishukuru, kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Siku ya kugawa mbegu wanachama walijaa uwanjani. Emérita alimwomba Athanase aseme nao. Hakutaka. Dorothée alimsukuma kidogo mgongoni, naye akasimama.

"Bandugu," alisema, "munayua yenye ilinifikia. Mi sikupoteza simu. Nilipoteza kode yangu kwa mudomo wangu, ninacheka. Muko hapa bangapi mwenye kode yake iko mwaka ya kuoa? Ya kuzaa mutoto wa kwanza?"

Watu walicheka. Halafu kicheko kikafa. Walianza kutazamana, kisha wakatazama simu zao. Kabla mbegu hazijaisha, watu kumi na saba walikuwa wamepanga mstari mbele ya Emérita ili wafundishwe kubadilisha namba.

Mama Uwizeye alikuwa wa mwisho. Mfuko wake wa mbegu ulikuwa tayari miguuni. Athanase alisogea ili amsaidie kuubeba, akitumaini angalau salamu.

Mama Uwizeye alimwona anakuja. Aligeuka, akampa mgongo, akaifunika simu kwa kitenge chake mpaka alipomaliza kuandika namba mpya.

Athanase alisimama pale pale alipofika. Iliuma kuliko deni. Lakini mama yule alikuwa amefanya vizuri, na ni Athanase mwenyewe aliyekuwa amemfundisha.